Anza na Kitoweo: Namna ya Kupika Mlo wa Kutosha Viungo Vinapopungua

Viungo vinapopungua jikoni, wapishi wengi hukimbilia kuongeza ugali, kwa kuwa unga ndio unaopatikana upesi na ndio unaojaza tumbo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mlo unapoharibika. Katika nyumba nyingi za huku Busia, mashariki mwa Uganda, na hata Tororo na Jinja, posho (ndiyo ugali wetu), mihogo, matoke na viazi vitamu si vitu vigumu sana kupatikana. Kinachosumbua ni kitoweo, yaani kile kinachoshusha tonge na kumfanya mtoto aombe kuongezewa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kitoweo, na unamlenga mpishi wa nyumbani ambaye leo ana vitu vitatu au vinne tu, mkaa wa kuwasha sigiri mara moja, na watu wanaosubiri kula.

Kila kiungo na kazi yake

Jambo la kwanza ni kuacha kujiuliza mapishi yanataka nini, na badala yake kujiuliza kila kiungo kinafanya kazi gani ndani ya sufuria. Nyanya inaleta uchachu, rangi na maji. Kitunguu kinaleta utamu na harufu. Mafuta yanasambaza harufu hiyo na kulainisha chakula, karanga na ufuta vinatia uzito, na dagaa wanatoa chumvichumvi pamoja na ule utamu wa nyama ambao mboga peke yake haina. Ukishaijua kazi, utajua pia nani mwingine anaweza kuifanya. Nyanya zikikosekana, ukwaju uliolowekwa na kukamuliwa utaleta uchachu, na katika msimu wa maembe, embe bichi lililokatwa vipande vyembamba huchemka hadi likavurugika na kuwa sehemu ya mchuzi. Limau nalo linafaa, lakini likamuliwe mwishoni, baada ya sufuria kuipuliwa, kwa sababu likichemka sana harufu yake hupotea. Mtindi unafaa kwa mboga za majani, ukitiwa moto ukiwa mdogo ili usikatike.

Mafuta yakiisha, usiache kuunga kitunguu. Kitie kwenye sufuria kavu yenye moto wa wastani, ukigeuze mpaka kianze kushika rangi ya kahawia, kisha nyunyizia kijiko cha maji na uendelee kukigeuza; rudia hivyo mpaka kilainike. Hakitakuwa sawa na kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta, lakini kitatoa utamu wa kutosha, hasa kama mchuzi wako utamaliziwa kwa karanga ambazo zina mafuta yake zenyewe. Chumvi pekee ndiyo isiyo na kibadala cha kweli. Nikibaki na chumvi kidogo siitupi ndani ya maji ya mihogo au ya matoke, bali naiweka yote kwenye kitoweo, maana ulimi huonja kitoweo kwanza, na mlo mzima huonekana umekolea.

Karanga

Kama ningeruhusiwa kuweka akiba ya kitu kimoja tu kabatini, ningechagua karanga. Mchuzi wa karanga unakipokea karibu kila kitu: mchicha tunaouita dodo, nyanya chungu, samaki mkavu, uyoga, hata malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu wa milima ya Elgon huyachemsha na kuyaunga kwa karanga. Kikombe kimoja cha unga wa karanga kinaweza kulisha watu sita, mradi upikwe kwa subira.

Chagua karanga kabla ya kuzitwanga, na usione haya kuzichagua moja moja. Zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, kwa sababu huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Hii ndiyo sababu napendelea kununua karanga nzima na kuzitwanga mwenyewe kuliko kununua unga uliokwisha kusagwa, ambao hauonyeshi ulisagwa kutokana na karanga za namna gani. Umaskini wa siku moja haupaswi kutufanya tule kitu ambacho kinadhuru ini polepole kwa miaka mingi, na nalisema hili kwa uzito wote.

Unga ukiwa tayari, pima kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji baridi, ukoroge mpaka usione donge hata moja, ndipo uweke sufuria kwenye sigiri. Ukiumimina unga ndani ya maji yanayochemka, madonge yatajitengeneza na hutayamaliza. Endelea kukoroga mpaka mchuzi uanze kuchemka, kwa maana wakati huo povu hupanda ghafla na kumwagikia moto. Baada ya hapo punguza mkaa, acha sufuria wazi, na uuache mchuzi utokote taratibu kwa dakika thelathini hadi arobaini, ukipitisha mwiko chini mara kwa mara ili usishike. Utajua umeiva kwa dalili tatu ambazo huja moja baada ya nyingine: povu hutoweka, harufu ya ubichi huisha, kisha vitone vidogo vya mafuta huanza kuonekana juu. Wanaouipua kabla ya vitone hivyo hulalamika kwamba karanga zinawaumiza tumbo.

Karanga zikiwa chache mno, chemsha kipande cha boga, likande mpaka liwe rojo, ulichanganye na mchuzi ukiwa unatokota. Boga hutia uzito na rangi nzuri, na nusu kikombe cha karanga kitaonekana kama kikombe kizima. Unga wa mhogo pia hutia uzito, lakini mimi siupendelei kwa kazi hii kwa sababu hufanya mchuzi uteleze na kuficha ladha ya karanga.

Maharagwe ya sufuria moja, milo miwili

Maharagwe ni kitoweo cha wengi Uganda, shuleni na nyumbani, lakini ndiyo yanayokula mkaa kuliko vyote. Basi mkaa nao ukahesabiwe kama kiungo. Bei yake imekuwa ikipanda, na mwaka 2023 agizo la rais lilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika mikoa ya kaskazini, ambako mkaa mwingi wa mijini ulikuwa ukitoka. Mpishi anayetaka kuokoa fedha sharti ajifunze kuyapikisha maharagwe kwa maji na muda kabla hajayapikisha kwa moto.

Yachambue maharagwe jioni, uyaoshe, uyaloweke kwa maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo na utie mengine. Yachemshe kwa moto mkali kwa dakika kumi au zaidi bila kupunguza, hasa yakiwa mekundu, kwa sababu maharagwe mabichi yana kemikali inayosababisha kutapika na kuhara, nayo huharibiwa na mchemko mkali wala si na joto la uvuguvugu. Baada ya hapo unaweza kupunguza moto. Usitie nyanya, ukwaju wala limau mpaka punje ibonyee kabisa kati ya vidole bila kubaki kiini kigumu, kwa maana uchachu huzuia ganda lisilainike, na hapo utateketeza mkaa wa siku mbili kwa chungu kimoja. Magadi husaidia kulainisha, na watu wa kaskazini wanayatumia kwa ustadi mkubwa, lakini kipande kisizidi ukubwa wa punje ya haragwe kwa sufuria nzima. Yakizidi, kitoweo hupata ladha ya sabuni, na vitamini B1 iliyomo ndani ya maharagwe hupungua.

Yapo maarifa mengine ya kuokoa moto ambayo nayategemea sana. Maharagwe yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kwa dakika ishirini, ninaipua sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, naiweka ndani ya kapu lililotandikwa majani makavu ya migomba, naifunika kwa blanketi zito pande zote, na kuiacha kwa saa tatu au nne bila kuifunua. Joto lililomo ndani huendelea kuyaivisha. Nikiyarudisha jikoni, yanahitaji mchemko mfupi tu kabla ya kuungwa. Tahadhari ni moja: sufuria ijae angalau nusu, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi, na chakula kinachokaa kikiwa vuguvugu kwa saa nyingi huharibika.

Vikombe viwili vya maharagwe makavu vinatoa kitoweo cha mchana na cha jioni kwa watu sita. Cha mchana nakiunga kwa kitunguu na nyanya, kikiwa na punje nzima. Cha jioni nachukua upawa mmoja au miwili ya punje, nazikanda kwa mwiko ukingoni mwa sufuria, nazirudisha ndani, na mchuzi unakuwa mzito kiasi kwamba hakuna anayeona kuwa maharagwe yamepungua. Watu wa Tooro wamelifikisha jambo hili mbali zaidi: huyaloweka maharagwe, huyamenya maganda, kisha huyachemsha na kuyavuruga mpaka yawe rojo laini linalotiwa samli, nao hukiita chakula hicho firinda. Ni kazi ya mikono mingi, lakini mwenye maharagwe machache na watoto wadogo atafaidika kuijaribu.

Dagaa na majani

Mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, ni kitoweo cha bei nafuu chenye nguvu kubwa, kwa sababu mtu humla samaki mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ina madini ya kujenga mifupa ya mlaji. Kinachowafanya watu wawakatae ni mchanga. Sokoni mimi huwauliza wauzaji waziwazi: “Dada, hawa wameanikwa wapi?” Akijibu kwamba ni juu ya wavu au turubai, nachukua kiganja kimoja, nakikung’uta kwenye kiganja kingine na kutazama kama kuna chembe zinazobaki. Waliokaushwa chini kwenye mchanga unaweza kuwanunua kwa bei ndogo, ila uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, ukiwanyanyua juu kwa mikono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya beseni.

Ukishawaosha, wakaushe kwenye sufuria isiyo na mafuta mpaka watoe harufu nzuri na wakatike kwa urahisi. Hatua hii huondoa ile harufu kali inayowachukiza watoto. Kiganja kimoja cha dagaa waliokaushwa namna hii na kutwangwa kinatosha kuipa sufuria nzima ya sukuma wiki au mchuzi wa karanga ladha ya samaki. Unga wao nautia pia kwenye uji wa mtoto aliyekwisha kuanza chakula, kijiko kidogo kwa bakuli.

Kuhusu mboga za majani nina neno fupi: zipo nyingi kuliko tunavyozitumia. Majani ya maboga, ya kunde, ya viazi vitamu na dodo inayojiotea yenyewe nyuma ya nyumba ni kitoweo kamili yakiungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa. Majani ya maboga yamenywe nyuzi zake kwanza. Kisamvu kitwangwe mpaka kilainike kabisa, kisha kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa kuwa majani ya mhogo yana sumu ya sayanidi ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Mizizi ya mihogo michungu nayo haifai kubahatishwa. Imenywe, ilowekwe na kuvundikwa kwa siku kadhaa, kisha ianikwe kabla ya kusagwa. Ukipewa mihogo na mtu asiyejua ni ya aina gani, usiitafune mbichi, na uishughulikie kama michungu.

Moto mmoja kwa vyakula vitatu

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi mashemeji walifika bila taarifa, wakati nyumbani palikuwa na mkungu mdogo wa matoke uliobaki nusu, viazi vitamu vichache, kikombe cha unga wa karanga, dagaa wa kiganja kimoja na kitunguu kimoja. Mkaa ulikuwa wa kujaza sigiri mara moja. Nilichofanya ni kile ambacho akina mama wa Buganda wamekuwa wakikifanya tangu zamani, nacho kinafaa kuigwa na kila mwenye mkaa mdogo.

Niliweka vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria kubwa, nikatia maji yanayofikia vikonyo tu, kisha nikatandika majani mabichi ya mgomba yaliyolainishwa kwa kupitishwa juu ya moto. Ndani ya majani hayo nikapanga matoke yaliyomenywa, na juu yake viazi vilivyooshwa vikiwa na maganda yake. Unga wa karanga niliukoroga kwa maji baridi ukawa mzito kuliko kawaida, nikauchanganya na dagaa waliotwangwa, kitunguu kilichokatwa vidogo na chumvi, nikaumimina kwenye bakuli la bati, nikalifunga kwa jani na kuliketisha juu ya viazi. Nikafunika kila kitu kwa majani mengine na kuyabana pembeni ili mvuke usitoroke. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi sikuwa na kazi ila kusikiliza maji chini na kuongeza kidogo kila sauti ya kuchemka ilipobadilika kuwa ya kukauka. Karanga za mvuke haziungui wala hazifurikii moto, na mafuta yake hupanda juu bila kukorogwa. Matoke niliyaponda yakiwa bado ndani ya majani, na mashemeji wakala wakashiba.

Kama huna majani ya mgomba, katogo itakupa faida ileile kwa njia nyepesi zaidi. Matoke au mihogo huwekwa kwenye sufuria pamoja na maharagwe yaliyokwisha kuiva, kitunguu na maji ya kufunika nusu yake, kisha hufunikwa mpaka viive pamoja. Ukitumia karanga badala ya maharagwe, zikoroge kando kwa maji baridi, uzimimine juu matoke yakiwa yamekaribia kuiva, upunguze moto, na usikoroge chini mpaka zimekuwa nzito, la sivyo zitashika na kuungua. Matoke yanayosubiri kupikwa yalale ndani ya maji yenye chumvi kidogo ili yasigeuke meusi, na mikono ipakwe mafuta kabla ya kuyamenya kwa sababu ya utomvu.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua viazi, chukua vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vina vitamini A ambayo watoto wengi wanaikosa, na mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuviboresha na kuvieneza vyakula vya namna hii. Mwili huipokea vitamini hiyo vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta, na mchuzi wa karanga unayo.

Kiporo na akiba

Kiporo cha maharagwe kinaweza kulala ikiwa kimechemshwa usiku hadi kikatokota chote, kikafunikwa bila kuchovywa kijiko kichafu, na kikachemshwa tena asubuhi vivyo hivyo kabla ya kuliwa. Kikitoa povu au harufu ya kuchacha, kitupwe. Nyumba isiyo na friji isilaze wali, kwa maana vijidudu vya wali huacha sumu ambayo moto wa kesho hauiondoi. Pika kiasi kitakachoisha. Kiporo cha posho nakikata vipande na kukichoma juu ya makaa yaliyobaki, na maharagwe yaliyobaki kidogo huliwa na chapati iliyokatwakatwa, chakula ambacho vijana wa mjini wanakiita kikomando.

Upungufu mwingi wa Aprili na Mei huamuliwa na manunuzi ya miezi ya mavuno. Maharagwe hushuka bei baada ya mavuno ya Juni na Julai, na tena baada ya yale ya Desemba na Januari. Ukiweza kuweka kando hata vibaba vichache kila msimu, hutanunua kwa bei ya njaa. Yaanike mpaka punje ikiumwa na jino ivunjike badala ya kubonyea, yaache yapoe kivulini, kisha yajaze ndani ya chupa au dumu kavu mpaka mdomoni na ulifunge barabara, ili wadudu wasipate hewa. Viazi vitamu navyo vinahifadhika. Watu wa Teso huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani mpaka vilie kama vijiti, huviita amukeke, na mvua inapochelewa huvichemsha na kuvila kwa karanga au kunde. Chagua siku zenye jua kali mfululizo, tandika turubai safi, na uviingize ndani kila jioni kabla ya umande kuanguka.